Shika Bakuli, Uyen

Kila asubuhi, kabla baba yake hajaamka, Uyen alikuwa na kazi yake ndogo ambayo hakupewa na mtu. Alifungua dirisha la mbele upande mmoja tu, akamimina chai katika kikombe kidogo kama yai, akakiweka mbele ya picha ya mama yake, kisha akawasha kijiti cha udi. Hakuwa na dua ndefu. Alisimama pale akimpa mama habari za dukani: pazia la nani limekwisha, nani kaleta kitambaa hafifu na anataka kitoke kama hariri, nani kanuniana na mumewe kwa sababu ya rangi ya mito ya viti. Mbele ya mama maneno yalimtoka. Mbele ya watu walio hai ndipo yalipomkwama.

Asubuhi hiyo kiberiti kilikuwa kimeshawaka aliposikia ukuta wa nyumba unakwanguliwa kwa nje.

Krrr. Krrr.

Alidhani ni paka. Kisha akasikia mtu akikohoa kwa vumbi.

Akatoka mbio na njiti inawaka mkononi. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na juu yake alisimama mwanaume aliyempa mgongo, kajifunga kitambaa kichwani, anabandua rangi kuukuu kwa bapa la chuma. Magamba ya rangi yalikuwa yakidondoka juu ya vyungu vitupu barazani. Uyen hakuhitaji kuuona uso. Hakuwa ameuona mgongo ule tangu siku aliyofariki mama, lakini aliujua, bega la kushoto likiwa chini kidogo kuliko la kulia, kama mtu anayetega sikio.

"Aa!" Njiti ilimfikia kidoleni.

Mwanaume akageuka. Alikuwa Khoi. Kwenye nyusi zake palikuwa na vumbi jeupe, akaonekana kama mzee wa kuigiza.

"Umeamka, Uyen," alisema, kama mtu aliyeondoka jana.

Kati ya yote ambayo Uyen aliwahi kuyapanga kichwani kumwambia mtu huyu, usiku akiwa kitandani na mchana akiwa kwenye cherehani, halikuja hata moja.

"Ngazi hiyo ina kidato kibovu," alisema.

"Cha tatu. Nakikumbuka."

Uyen aliangalia miguu yake mwenyewe. "Nani kakuita?"

"Mzee Tam."

"Baba?"

"Alinipigia simu Can Tho. Akasema nyumba imechoka. Nikamwuliza imechoka vipi, akasema njoo uione mwenyewe, kisha akakata." Khoi alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu asiyejua kama ameruhusiwa. "Unamjua baba yako. Yale yalikuwa maneno ya mwezi mzima."

Kweli nyumba ilikuwa imechoka. Wiki hizo za kuelekea Tet, sikukuu ya mwaka mpya, mji wote wa Sa Dec ulikuwa umegeuka bustani. Mitumbwi ilipita mferejini imejaa vyungu vya maua ya njano mpaka mpiga kasia haonekani. Kila nyumba mtaani ilikuwa imeoshwa, imepakwa, imevikwa mapazia mapya, na zaidi ya nusu ya mapazia hayo yalikuwa yametoka mikononi mwa Uyen. Nyumba iliyobaki ya kijivu ilikuwa ya kwao. Walipokuwa msibani hawakutundika chochote chekundu, hawakuleta ua la njano ndani, hawakugusa rangi. Kisha, mwezi wa kumi, walichoma vitambaa vyao vyeupe vya msiba, na miaka ya kuomboleza ikakwisha. Tangu hapo Uyen alikuwa akiambiwa na kila mteja: "Sasa na kwenu mtapamba?" Naye akijibu: "Tutaona."

"Na mapazia ya humu?" Khoi aliuliza, akichungulia dirishani. "Fundi wa mtaa mzima, dirishani kwake pamening'inia kitu kama shuka la hospitali."

"Sikujua ukuta utakuwa rangi gani."

"Sasa ungesubiri mpaka lini?"

Uyen alifungua mdomo. "Nguo zitakuwa zimekauka," alisema, akageuka upesi kwenda uani.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mazungumzo yakipata moto, yeye hukumbuka nguo zilizokauka, au maji yaliyochemka, au mlango ambao hakuufunga. Mama alikuwa akimcheka: "Siku ya kuulizwa kama unataka mume, mwanangu, utakumbuka kuku."

* * *

Shangazi Sau hakuhitaji kupiga hodi. Nyumba yake ilipakana na yao, na sauti yake ilifika daima kabla yake.

"Tam! Mbona mtaa mzima una vumbi lako?" Aliingia langoni amevaa kanzu yake ya hariri ya rangi ya zambarau, ile ya kwendea ugenini, na hereni za dhahabu. Kisha akamwona aliye juu ya ngazi. Akasimama. "Huyu katoka wapi?"

Khoi alikunja mikono kifuani na kuinama. "Nakuamkia, Shangazi."

"Niamkie ukiwa chini, usinining'inie kichwani kama popo."

Khoi akashuka, akiruka kidato cha tatu, akainama tena vizuri. Shangazi Sau alimtazama kutoka vidoleni mpaka utosini. Uyen, aliyekuwa amekumbatia nguo ambazo kusema kweli zilikuwa bado mbichi, aliona jinsi macho ya shangazi yalivyolainika kwa kufumba na kufumbua, kisha yakakaza. Zamani Khoi alikuwa kipenzi chake.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Shangazi."

"Bado ananipita sokoni kama hanijui."

Khoi alijipangusa vumbi kwenye nyusi.

"Haya. Kama umekuja kupaka, paka. Rangi ya dhahabu. Bwana Lieu anapenda rangi ya dhahabu."

"Buluu," alisema baba, ambaye hakuna aliyemwona akitokea. Alikuwa mtu mdogo, mwembamba, amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Kama alivyoipenda mama Uyen."

"Tam, huyo mgeni ataingia nyumba ya buluu kama anaingia zahanati?"

"Mgeni gani?" Khoi aliuliza.

Shangazi Sau akajibu akimtazama Uyen. "Wa kutufungulia mlango asubuhi ya Tet. Bwana Lieu wa kinu cha mpunga. Mtu mzima, mjane, mtaratibu, na umri wake unapatana na mwaka unaoingia. Mimi ndiye ninayekwenda kumwalika leo hii, kabla ya chakula cha mchana."

Hakukuwa na haja ya kueleza zaidi. Mtu wa kwanza kutia mguu ndani ya nyumba asubuhi ya mwaka mpya huingia na mwaka wote begani, heri yake na kisirani chake, ndiyo maana huchaguliwa na kualikwa mapema. Na mwanaume asiye na mke akialikwa kufungua mlango wa nyumba yenye binti asiyeolewa, mtaa hauulizi tena swali. Unaanza kushona nguo za harusi.

"Uyen, nipe neno lako," shangazi alisema. "Usiseme utafikiri. Umefikiri tangu mwezi wa kumi, hata maiti angekuwa ameshakata shauri."

"Dada," baba alisema taratibu.

"Nisamehe, Tam. Lakini mimi nimezeeka na wewe umezeeka. Siku tukiondoka, huyu atabaki anamhadithia nani habari za mapazia? Picha?"

Uyen alihisi uso unamwaka. Kumbe shangazi humsikia asubuhi.

"Kitunguu chako cha achari kinapata jua upande mmoja, Shangazi," alisema. "Nitakwenda kukigeuza."

"Kitageuzwa na mimi! Wewe fikiri. Jua likifika juu ya paa, nakwenda, na neno au bila neno."

Akapandisha mikono ya hariri yake, akaenda uani.

Khoi alirudi kwenye ngazi. Lakini sauti ya chuma ukutani ilikuwa imebadilika. Ilikwenda polepole mno, kama mtu anayekwangua huku akili yake iko mbali.

* * *

Siku ile, miaka kadhaa nyuma, mama alifariki alfajiri. Khoi na Uyen walikuwa wameshachumbiana, harusi ilikuwa ikingoja mavuno. Kifo kilipoingia zilibaki njia mbili, kama ilivyo kwao tangu zamani: ama binti aolewe saa hizo hizo, kabla msiba haujatangazwa, ama angoje mpaka miaka ya kuomboleza iishe. Shangazi Sau hakungoja kuulizwa. Alimzuia kila mtu kulia kwa sauti, akatuma habari kwa mama yake Khoi, na kabla jua halijawa kali bwana harusi alikuwa langoni, amevaa joho la buluu la kaka yake, mikono haimfiki. Nyuma yake alisimama mama yake na trei za zawadi za harusi zilizofunikwa kitambaa chekundu.

Uyen alitokea mlangoni. Mikono yake ilikuwa bado inanuka majani ya kumwoshea mama. Aliona kile kitambaa chekundu, na nyuma yake, chumbani, mama alikuwa amelala bila mtu hata mmoja wa kumlilia.

"Rudi nyumbani, Kaka Khoi," alisema, akimwita kwa heshima kama alivyozoea.

Maneno mengine yote yalibaki kooni. Mama yake Khoi akageuka na trei zake, akapita katikati ya soko, kitambaa kimefunuka, watu wakitazama. Baada ya mazishi Khoi akaenda Can Tho, akajifunza kazi ya kufufua nyumba za zamani. Hakuandika. Na Uyen, aliyekuwa na kitambaa cheupe kichwani, angemwandikia vipi mwanaume?

* * *

"Uyen!" baba aliita kutoka ndani. "Njoo tupanguse meza ya wahenga."

Ilikuwa kazi ya mwisho ya usafi, na kubwa kuliko zote. Vinara vya shaba vilikuwa vimeshatolewa uani, vimesuguliwa kwa limau na majivu mpaka vikawa kama vimetoka dukani. Picha zimefutwa. Juu ya meza ndefu ya mbao nyeusi lilibaki bakuli la udi peke yake, la kauri, limejaa majivu ya miaka yote na vijiti vitatu vilivyoachwa humo. Bakuli hilo halisogezwi. Kila mtoto wa nyumba ile alilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Likisogea hata upana wa kidole, wahenga hawajui pa kukaa, na nyumba huyumba mwaka mzima. Kwa hiyo mmoja hulishika kwa nguvu lisitikisike, mwingine hupangusa.

Baba aliwasha udi, akainama. "Wazee wetu, na wewe mama Uyen, mtuwie radhi. Tunafanya usafi." Kisha akageuka. "Shika bakuli, Uyen. Mikono miwili. Usiliachie mpaka kazi iishe."

Uyen akalishika. Baba akachovya kitambaa katika pombe ya mchele iliyotiwa tangawizi, akapangusa mara moja, akapangusa mara ya pili, akajishika kiuno.

"Lo. Mchele wa keki za Tet haujalowekwa."

"Nimeuloweka jana, Baba."

"Basi maharage."

"Na maharage pia."

Baba alifikiri. "Basi ngoja nikaangalie kama vimelowa." Akaelekea mlangoni. "Khoi! Shuka huko. Nawa mikono uje umalizie hapa."

Kutoka uani sauti ililipuka. "Tam! Umerukwa na akili? Meza ya wahenga inapanguswa na watu wa nyumbani!"

"Ndiyo maana nimemwita yeye," baba alisema, akatokomea jikoni.

Khoi alinawa mpaka viwikoni. Akanawa tena. Alipoingia alikuwa ametoa kitambaa kichwani, na nywele zake zilikuwa zimesimama upande mmoja. Uyen alitamani kuzilaza. Kwa bahati mikono yake haikuwa huru.

"Nianzie wapi?"

"Huko pembeni. Hapa... chini ya mikono yangu, mwisho."

Akaanza. Harufu ya tangawizi ilijaa kati yao. Kitambaa kilikwenda na kurudi, kikikaribia kidogo kidogo, na Uyen aliona kovu jipya kwenye kidole cha Khoi, akajiuliza siku alipokatwa nani alimfunga.

"Huyo Bwana Lieu ni mtu mwema?"

"Watu wanasema."

"Na wewe unasemaje?"

"Maji yamechemka," alisema Uyen, na mwili wake ukageuka wenyewe kama ulivyozoea.

"Uyen, bakuli!"

Majivu yalikuwa yameshatikisika mpaka ukingoni. Alilikamata, akalikumbatia karibu. Halikusogea. Karibu lisogee.

"Hakuna maji," Khoi alisema kwa upole. "Na kama yapo, Mzee yuko jikoni, atayaepua."

Kicheko kidogo kilimponyoka Uyen kabla hajakizuia. Khoi naye alicheka, na kwa muda mfupi walikuwa tena vijana wawili wanaochekeana mbele ya wakubwa. Kisha Khoi akaacha kupangusa.

"Sikuja kudai kitu. Nimekuja kupaka ukuta. Lakini lipo jambo moja limenikaa hapa," akajigusa kifuani, "na nimechoka kulala nalo. Siku ile nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi ulinikataa bure."

"Sikukukataa!"

Ilitoka kwa sauti ambayo Uyen mwenyewe hakujua anayo. Uani, vijiti vya kugeuzia achari vilinyamaza. Jikoni nako hakukusikika hata tone la maji.

Shangazi Sau alitokea mlangoni, mikono inanuka siki. Alimtazama Khoi, akatazama kitambaa, akatazama mikono miwili iliyoshika bakuli. Hasira aliyokuja nayo ilionekana kumpungukia njiani.

"Jua limefika juu ya paa, mwanangu. Bwana Lieu hula mapema. Niende na neno gani?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Huyu naye nilimpenda, unajua hivyo. Lakini umri wake haupatani na mwaka unaoingia. Nimemwuliza mtaalamu wa nyota."

"Mwaka aliofariki mke wangu," baba alisema kutoka jikoni, bila kutoka, "aliyetufungulia mlango alikuwa na umri unaopatana kuliko wote. Wewe ndiye uliyemchagua, dada."

Shangazi Sau alishika mwimo wa mlango. "Nilikuwa natafuta heri, Tam."

"Najua. Sikulaumu. Nasema tu."

Uyen aliona midomo ya shangazi ikicheza, na kwa mara ya kwanza akamwona ni mwanamke mzee aliyevaa hereni zake zote kwa ajili ya furaha ya mtu mwingine. Angekuwa na mikono huru, angemkumbatia.

"Uyen," Khoi alisema. "Kabla hujamjibu Shangazi, sitaki kukudanganya. Mama yangu ameapa hataleta tena trei kwenye lango hili. Alivyopita sokoni siku ile, hajasahau. Mimi sina cha kukuahidi upande huo."

Kila mtu alikuwa akimngoja yeye. Miguu ya Uyen ilitaka kwenda. Ilitaka nguo, kuku, mlango wowote ulioachwa wazi. Bakuli lilikuwa zito na la baridi, na mbele yake mama alimtazama kutoka kwenye picha, amekaa na sura ile ile ya mtu anayejizuia kucheka.

"Basi sitaomba alete trei," alisema. Sauti ilimtoka ikiwa ndogo, lakini ilitoka. "Nitaibeba mimi. Nitapita nayo sokoni, katikati, imefunikwa vizuri, watu wote waone, mpaka kwake, nimwombe radhi. Akinifukuza nitarudi kesho yake."

"Binti anapeleka trei?" Shangazi Sau alishika kichwa. "Mtaa utatucheka mpaka Tet ijayo!"

"Wacheke, Shangazi. Na kwa Bwana Lieu nenda, tafadhali. Ni mtu mwema, asikae anangoja. Mwambie tumeshapata mtu wa kutufungulia mlango."

Shangazi alivuta pumzi ndefu, akaanza kushusha mikono ya hariri yake, pole pole, kama mtu anayejiandaa kwa safari ngumu kuliko aliyoipanga.

"Na ukuta?" aliuliza hatimaye, akijifuta jicho kwa kidole chenye siki na kulifanya lichuruzike zaidi. "Buluu?"

"Buluu," jiko likajibu.

Khoi hakuwa amesogea. Kitambaa kilikuwa kimekauka mkononi mwake. "Uyen," alisema, "siku ile uliniambia nirudi nyumbani. Nami nikarudi. Nilidhani ndiyo mwisho."

"Nilikuwa na mama chumbani, hajaliliwa," Uyen alisema. Machozi yalimshuka, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta, aliyaacha. Aliinua uso, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Sikuweza kuwa bibi harusi na yatima katika saa moja. Nilitaka kusema rudi nyumbani unisubiri, Kaka Khoi. Nisubiri, nitakuja. Nilikuwa nakupenda, na nilikuwa nakuomba unisubiri."